Siku Nne Bila Kahawa

Zuhura alinipigia simu saa nne asubuhi, nikiwa jikoni kwangu Voi na kikombe mkononi, akaniambia mamake amefariki alfajiri na kwamba wanamzika adhuhuri. Nisingewahi mazishi. Nilikaa kitini nikaiacha kahawa yangu ipoe, na kilichonijia kwanza hakikuwa sura ya Bi Rukia wala sauti yake. Nilikumbuka zile siku nne za ujana wangu nilipokataa katakata kuigusa kahawa yake. Naona haya kidogo kuliandika hili: mtu amekufa, nami nakumbuka kahawa. Lakini karibu kila ninalolijua juu ya yule mama lilinifikia kwa finjani, na ule mwaka mmoja niliokaa nyumbani kwake Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa, nauhesabu kuwa mwaka niliolelewa mara ya pili.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani katika kampuni moja ya malori kule Shimanzi, ambako mtu alirudi nyumbani na vumbi la saruji kwenye nyusi na honi masikioni. Nilitafuta chumba mahali palipo kimya. Watu wa ofisini walinionya nisipoteze muda Mji wa Kale: msichana wa bara, Mkristo, hana mume, nani atampangisha? Nikaenda hivyo hivyo, maana nilikuwa nimesikia kuna mjane ambaye bintiye ameolewa majuzi na kuhamia Likoni, na chumba cha juu kimebaki kitupu. Bi Rukia alinipokea ukumbini, akanikalisha kwenye mkeka, akanitazama. Hakuniuliza kabila, wala kanisa, wala nitarudi saa ngapi jioni. Aliniuliza swali moja tu: "Kahawa wanwa?" Nikamjibu kwamba kwetu ni chai ya maziwa, kahawa sijaizoea. "Vyema," akasema. "Kesho leta vitu vyako." Nilishuka ngazi nikidhani nimempendeza kwa kutokunywa kahawa, na nilidhani hivyo kwa miezi mingi.

Chumba kilikuwa cha Zuhura, na bado kilinukia udi wake. Kilikuwa na kitanda kirefu cha besera chenye nguzo nne, sanduku la mbao, na dirisha ambalo ukilifungua unaitazama baraza ya nje moja kwa moja, hata ungeweza kumdondoshea mtu ndimu kwenye kofia. Chini kulikuwa na ukumbi, na nyuma ya ukumbi kiwanja kidogo kilicho wazi juu, na hapo ndipo palipokuwa na ufalme wa Bi Rukia: seredani mbili za makaa, kinu cha shaba, kaango jeusi la kukaangia buni, na dele kubwa la kahawa lililosuguliwa mpaka unajiona uso. Alikuwa mpishi wa kahawa. Kila siku baada ya Maghribi kakake, Mjomba Hamadi, alilichukua dele kwenda kuwamiminia wazee wa baraza, na nikaha au hitima ikitokea Kuze, watu hawakuulizana kahawa itapikwa na nani. Mjomba Hamadi mwenyewe hakuinywa. Ilimchoma tumbo, akawa mtu aliyemimina kahawa umri wake wote bila kuijua ladha yake, jambo ambalo dadake alimtania kwalo kila siku ya Mungu. Mimi nilipewa nafasi yangu katika nyumba ile bila kuiomba. Jumapili nikitoka kanisani nilikuta mahamri mawili yamefunikwa kwa sahani na bakuli la mbaazi pembeni, na nikichelewa mbaazi zilirudishwa motoni. Hakuna aliyewahi kunitajia hilo.

Mafunzo yalianza juma la kwanza. Nikirudi kutoka kazini, kabla sijavua viatu, naitwa kiwanjani. "Mkawasi, ndoo uonje." Nilionja, nikakunja uso, maana ilikuwa chungu ajabu. Yeye hakucheka. "Sikuuliza waipenda. Tangawizi waisikia wapi, ncha ya ulimi au kooni?" Nikamwambia ncha ya ulimi. Akaongeza maji, akachochea, akanipa tena. "Sasa?" Kooni. "Ndipo. Ishike hapo." Kesho yake tukafanya iliki, kesho kutwa mdalasini, kisha tofauti ya buni iliyokaangwa ikaiva na ile iliyopita kidogo. Ilikuwa kama kuwekwa chuoni. Nikikosea alinirudisha nyuma, naye alikuwa na subira ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine. Baada ya miezi mitatu nilikuwa siwezi kulala vizuri kama sijaonja, na baada ya mitano nilikuwa nakunywa finjani nne kila jioni na ofisini nanung'unika kwamba kahawa yao ni maji ya kuoshea vyombo. Niliona ni mapenzi tu ya mama kwa mpangaji wake. Na yalikuwa mapenzi, ila hayakuwa peke yake.

Ugomvi wangu na kahawa uliletwa na Damaris, mwenzangu wa ofisini, aliyekuja siku moja na karatasi iliyonakiliwa mara nyingi hata maandishi yalikuwa yanakaribia kufutika. Ilikuwa mpango wa siku saba wa kusafisha mwili. Usile nyama, sukari wala vya kukaanga. Usinywe chai wala kahawa. Asubuhi na jioni kunywa maji moto yenye ndimu. Karatasi iliahidi usingizi, ngozi nyororo na akili iliyotulia. Nilikuwa na chunusi mbili kwenye kidevu na nikaona ni dalili kwamba nimejaa uchafu. Tulianza Jumatatu. Jioni ile Bi Rukia aliponiita nikasimama mlangoni mwa kiwanja, mikono nyuma, nikamweleza.

"Wajisafisha nini?" akaniuliza. "Kwani umechafuka?"

"Mwili, Bi Rukia. Ndani."

"Tumbo ni sanamaki ya kuendesha, mwanangu. Siku moya, watosheka, kesho wenda kazini. Siku saba za nini?"

Nikamweleza kwamba karatasi imesema saba. Akakoroga. "Haya. Basi tia ulimi tu, usimeze." Nikacheka, nikamwambia huo ndio ujanja wenyewe wa kahawa. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kisha akasema vyema, na akamwita Mjomba Hamadi aje achukue dele.

Jumanne niliamka na kichwa kinachogonga kama kuna fundi bati ndani. Mchana niligombana na dereva wa lori asiye na kosa. Siku hiyohiyo mifereji ya maji ya Kuze ilikauka, kama ilivyozoea kukauka, na Bi Rukia akanunua mitungi ya maji kwa mtu wa mkokoteni aliyeapa ni maji matamu. Jioni akaniita tena. Safari hii alikuja mpaka chini ya ngazi na finjani mkononi. "Kidogo tu, kwa ajili yangu." Nikakataa kwa upole. Jumatano akapanda ngazi, mwanamke wa miaka sitini na zaidi mwenye magoti mabovu, akabisha hodi chumbani kwangu na finjani juu ya kisahani. Nilijiona shujaa. Nilimwambia, na maneno haya bado yananichoma, "Bi Rukia, mbona hutaki nifaulu?" Akakaa ukingoni mwa kitanda cha bintiye akiishika ile finjani kwa mikono miwili. Alionekana mchovu. "Nataka ufaulu," akasema. "Sikutaka kukusumbua." Akashuka. Nami nikanywa maji yangu ya ndimu, ambayo tangu jana yake yalikuwa na ladha nzito ya ajabu, nikajipongeza kwamba sasa dawa imeanza kufanya kazi.

Alhamisi nilirudi mapema kwa sababu ya kichwa, nikajilaza dirisha likiwa wazi. Maghribi ikapita. Nikamsikia Mjomba Hamadi akitoka na dele, nikasikia finjani zikigongana na wazee wakiamkiana, kisha pakawa kimya kuliko kawaida. Lazima niseme jambo moja juu ya baraza ile. Kahawa haikulaumiwa waziwazi. Mtu akitosheka aliitikisa finjani kidogo mkononi kabla ya kuirudisha, basi, hapo hamiminiwi tena, na wengi walikuwa hawatikisi mpaka ya tatu au ya nne. Jioni ile wote walitikisa ya kwanza. Mjomba Hamadi akaitwa dukani mara moja, na alipoondoka tu sauti zikashuka. Nikasogea dirishani.

"Siku ya tatu hii. Chumvi tupu."

"Mkono umemtoka, masikini. Si makosa yake, ni umri."

"Na kesho baada ya Alasiri ni nikaha ya binti Salim, na kahawa kapewa Bi Rukia. Watu watatoka Lamu."

"Basi Salim aambiwe atafute mwengine. Kwa upole, lakini aambiwe."

Kisha mmoja akasema, kwa sauti ya mtu asiyeipenda kazi aliyopewa, "Nitamwambia mimi tukitoka Isha."

Mahali kama Kuze nikaha moja inatosha. Kahawa ikiondoshwa kwa Bi Rukia kesho, hairudi tena, na kila mtu atakuwa mpole kwake mpaka siku yake ya kufa. Niliujua upole ule, ningeona nafuu kutukanwa. Nikashuka pekupeku. Nilimkuta amekaa kwenye kibao mbele ya seredani, dele dogo la nyumbani likichemka.

"Bi Rukia, umeionja ya leo?"

"Nimeonja."

"Ikoje?"

"Njema." Hakuniangalia.

Nikachukua finjani, nikajimiminia, nikanywa. Hivyo ndivyo zilivyokwisha siku zangu saba, nazihesabu nne kwa kujipendelea. Ilikuwa na chumvi ya kisima hata meno yakashtuka, na papo hapo nikafahamu nimekuwa nikinywa nini na ndimu yangu. "Ina chumvi," nikasema.

"Chumvi?" Aliuliza kweli. Alikuwa hajui. Akaichukua ile finjani mkononi mwangu, akanywa yote iliyobaki polepole, macho yamefumbwa, akitafuta. Kisha akaiweka chini. "Siisikii, Mkawasi."

Nikamuuliza tangu lini. Akaniambia tangu homa iliyompata kabla Zuhura hajaolewa. Homa ilitoka, ikatoka na pua na ulimi. Ubani hausikii. Pilipili yamchoma lakini haina ladha. Daktari alimwambia angoje, naye bado angoja. Zuhura alikuwa na mazoea ya kuonja tangu utotoni, basi akaendelea kuonja bila kujua anaonjea nani, mpaka alipoolewa. "Hamadi sikuweza kumwambia. Hamadi akijua, baraza yote yajua kabla hajaketi."

"Na mimi, mbona hukuniambia?"

"Nalikwambia, mwanangu. Kila jioni nalikwambia onja."

Nililia, nakiri. Yeye hakulia. Alinipa upindo wa leso yake nijifute, akaniuliza Isha bado muda gani. Nikamwambia niliyoyasikia dirishani, yote, mpaka jina la Salim, na nikaona uso wake ukikaza. Hakumlaani mtu wa mkokoteni wala wazee. Alisimama kwa magoti yake mabovu akasema, "Jirani wa mbele ana tangi juu ya paa. Chukua ndoo." Nilivuka uchochoro mara mbili. Alikuwa ameshaitia buni kaangoni niliporudi, na hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nimekaa naye miezi minane. Aliinamisha sikio juu ya kaango. Alisikiliza. Buni ilipoanza kualika na kupasuka alihesabu kwa kunong'ona, akaitazama rangi yake mwangani, akasugua punje moja kati ya vidole, akaepua. Tangawizi aliipima kwa kiganja, iliki aliivunja na kuitazama mbegu kama bado nyeusi. Kila kilichopotea puani alikuwa amekitafutia mahali pengine mwilini mwake, peke yake, bila kumlalamikia mtu, na zaidi ya mwaka mzima mji ulikuwa umekunywa bila kujua. Kitu pekee ambacho sikio na jicho na kidole havikuweza kumwambia ni chumvi iliyo ndani ya maji safi. Akanipa finjani.

"Kooni?"

"Bado, iko mbele," nikasema. Akaongeza maji kidogo, akachochea. "Sasa?"

"Kooni."

"Ndipo."

Akamwita kakake aliyekuwa amesharudi na dele lake bado zito. Nilitarajia atunge uongo, na mimi ningekuwa tayari kuuapia. Alimwambia hivi tu: "Ile imwage. Maji yalikuwa ya kisima. Waambie Rukia awataka radhi kwa siku tatu hizi, na kahawa ni hii." Kila neno lilikuwa kweli. Nikapanda kwangu, nikasimama pembeni ya dirisha nikijificha kama mwizi. Nikasikia akimimina. Kisha yule yule aliyekubali kwenda kwa Salim akasema, "Mimina tena, Hamadi," na Mjomba Hamadi akamimina mpaka adhana, hata dele lilipopita mlangoni kurudi ndani nilisikia kifuniko chake kikicheza, kama kinavyocheza dele likiwa tupu.

Ijumaa nilituma habari ofisini kwamba naumwa na tumbo. Damaris alifurahi, akasema ndiyo sumu inatoka. Tangu asubuhi mpaka Alasiri tulipika madele sita, nami nikaonja kila hatua ya kila dele, mpaka moyo ukanienda mbio na vidole vikawa havinitii. Katika siku moja nilirudisha kahawa yote niliyoiacha, na riba. Watu wa Lamu walikunywa na halua yao, wakauliza mpishi ni nani, wakaambiwa Bi Rukia, nami nikiwa kiwanjani na masizi usoni nilifurahi kuliko siku niliyopata kazi. Damaris alimaliza siku zake saba na ngozi yake ikang'aa kweli. Chunusi zangu zilikaa mpaka zilipochoka zenyewe.

Nilibaki pale mpaka mwaka ulipoisha na kampuni ikanihamishia Voi. Ulimi haukurudi. Nilipoondoka alipangisha chumba kwa mwalimu wa shule kutoka Machakos, msichana mnywa chai, na nilipokuja kumtembelea nilimsikia kutoka ngazini: "Sikuuliza waipenda. Waisikia wapi?" Nilisimama pale nikicheka kimoyomoyo, na wivu kidogo. Hapo pia ndipo nilipofahamu kwa nini alitaka mtu asiyejua kahawa. Aliyeizoea angeleta ladha ya kwao. Alitaka ulimi mtupu auwekee yale aliyoyakumbuka yeye, asije akayapoteza na hayo. Siri yake niliitunza miaka yote hii, hata kwa mume wangu, na nisingeiandika leo kama si Zuhura.

Nilikwenda siku ya arubaini. Nilijifunga leso, nikakaa ukumbini na wanawake wenzangu, nikawasikia wakimsifu marehemu: mkarimu, msiri, na kahawa, jamani, kahawa, ulimi wa Bi Rukia haukuwahi kukosea. Nikainamisha kichwa. Zuhura, ambaye sasa ana mvi kunishinda, alinigusa bega akaniita kiwanjani. Seredani ni zilezile. Dele ni lilelile. Akaniambia polepole kwamba mamake alimweleza yote mwezi wa mwisho, na akamwachia neno: akiwa hai tunyamaze, akifa tuseme, maana haya haitamfaa tena kitu na huenda habari ikamfaa mtu mwengine. Kisha akanipa finjani.

"Nimepika mara tatu tangu asubuhi," akasema. "Mimi nalionja tu, da Mkawasi. Hakunifundisha. Hakuwa na haja. Weye ndiye alokutia chuoni."

Nikaonja. Maji yalikuwa matamu, buni imeiva, lakini tangawizi ilisimama kwenye ncha ya ulimi kama mgeni asiyeingia ndani. Nikamwambia aongeze maji kidogo na achochee moto. Tukangoja wote wawili. Akanimiminia tena, nikafumba macho kama alivyofumba yule mama jioni ile alipotafuta asipate, na mimi nikapata. Ilikuwa palepale aliponiambia niishike.

"Ndiyo?" Zuhura akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Akalichukua dele akaingia nalo ukumbini. Nilibaki kwenye kile kibao na finjani tupu mkononi, nikasikia wanawake wakimiminiwa, kisha mmoja wao akaomba ya pili.